Hatia Isiyokwisha

Leo twataka kuzungumza juu ya mzigo ambao wengi wetu twauleta kanisani kila Jumapili, kisha twarudi nao nyumbani vile vile.

Mama mmoja katika parishi yetu alifiwa na mtoto wa miaka mitatu kwa malaria. Homa ilipanda usiku, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na gari la kwenda hospitali halikupatikana. Alimpangusa mtoto kwa maji, akangoja kupambazuke. Mtoto akafariki njiani. Kwa miaka mingi mama huyu hakukaribia Meza ya Bwana. Wenzake walipokwenda mbele kupiga magoti, yeye alibaki katika benchi la nyuma, ameinamisha kichwa. "Mimi ndimi niliyemwua," alituambia.

Twaona haya kueleza tulivyofanya. Tulipiga magoti naye tukaomba toba, tukidhani twamsaidia. Kumbe tulimthibitishia kwamba ana dhambi! Juma lililofuata alikuwa mnyonge kuliko kwanza. Jambo lisilo dhambi halisamehewi, kwa maana hakuna cha kusamehe. Alichohitaji ni mtu wa kulia naye, tena wa kumwambia kweli, kwamba usiku ule alifanya alivyoweza.

Basi yatupasa kupambanua. Iko hatia ya kweli. Tukimwibia jirani, tukimpiga mke, tukisema uongo mahakamani, dhamiri ikituuma inafanya kazi yake, nasi tusiinyamazishe. Ndugu wa uamsho, uliofika Kabete kutoka Rwanda mwaka 1937, walilijua hilo. Waliungama dhambi kwa majina yake, na vitu vilivyoibwa vikarudishwa kwa wenyewe, kama alivyofanya Zakayo. Hatia ya namna hiyo ina jina, na ina mlango wa kutokea.

Ile nyingine haina mlango. Ama yatushitaki kwa jambo ambalo si kosa letu, ama yarudi kudai deni lililokwisha kulipwa. Martin Luther aliionja. Aliingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama kwa saa nyingi. Na akiisha kuondoka, alikumbuka dhambi nyingine. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, alimshauri aache kujichungulia, ayatazame majeraha ya Kristo. Shauri hilo lafaa hata leo.

Wengine huuliza: Je, kujilaumu sana si unyenyekevu? La. Mungu akiisha kusamehe nasi tukaendelea kujihukumu, tumeketi katika kiti kisicho chetu. Mtume Yohana atufundisha kwamba hata moyo ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo huo (1 Yohana 3:20).

Mtazameni Petro. Alimkana Bwana akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu (Yohana 18). Baada ya ufufuo, alipofika ufuoni mwa ziwa, aliukuta moto wa makaa tena, na safari hii Bwana mwenyewe ndiye aliyekuwa hapo, ameandaa samaki na mkate (Yohana 21). Alilishwa kwanza, ndipo akaulizwa mara tatu kama anampenda, maana alikuwa amemkana mara tatu. Bwana hakujifanya kwamba hapakutokea neno. Lakini hakumwuliza mara ya nne. Alimpa kondoo wa kuchunga.

Na ibada yetu ni vivyo hivyo. Tukiisha kuungama, na kasisi akatamka ondoleo la dhambi, hatuambiwi tubaki magotini tukirudia yale yale. Twaendelea mbele kwa sifa. Tena Kitabu cha Sala cha 1662 chamwita yule asiyeweza kutuliza dhamiri yake amwendee mchungaji, afungue moyo wake, apate shauri. Mwaliko huo hausomwi sana siku hizi, nasi twasikitika. Basi njoni, msione haya. Na kama usingizi umekimbia, chakula hakiliki, na mawazo yanakuambia heri ufe, usikae peke yako hata siku moja. Mwambie ndugu akupeleke kwa daktari. Kumwendea daktari si upungufu wa imani.

Yule mama tulimrudia, tukamwomba radhi kwa ile sala yetu. Pasaka iliyofuata alitoka katika benchi la nyuma akaja mbele, akanyosha mikono yake. Siku ya kifo cha mtoto ikifika, bado hulia, nasi hatumkatazi.

Na tuombe. Bwana Yesu, yaliyo dhambi zetu utusaidie kuyaungama. Yasiyo yetu utuondolee. Na uliyokwisha kutusamehe, utupe moyo wa kuyaacha. Amina.