Nairobi hadi New York: Saa 15 kwenda, 14 kurudi

Tangu Kenya Airways ianze kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Oktoba 2018, swali halijaisha barazani kwetu hapa Mombasa: vipi kwenda iwe kama saa 15 na kurudi saa 14, na masafa ni yale yale?

Masafa ni kweli hayabadiliki, ni takriban kilomita 11,800. Kinachotofautiana ni upepo. Sisi wa pwani si wa kushangaa hili, maana wazee wetu walikuwa wakingoja kaskazi na kusi ndipo watweke tanga. Huko juu ndege zinakopita, kiasi cha kilomita 10 au zaidi, kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya kwenda Marekani hukutana nao uso kwa uso. Ya kurudi husukumwa nao kwa nyuma. Na huu haugeuki kama kusi na kaskazi, ila wakati wa baridi ya kule huzidi nguvu.

Njia nayo hudanganya. Kwenye ramani ya ukutani utadhani ndege itapita Kongo na Nigeria. Chukua balungi, tia alama mbili pa Nairobi na New York, kisha vuta uzi baina yake. Uzi utapanda kaskazini, juu ya jangwa la Sahara, kabla ya kufika Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi, kwa sababu dunia ni mviringo.

Lakini kilichonigharimu mimi si masafa wala upepo. Ni tarehe.

Shangazi yangu alikuwa anakwenda kwa bintiye aliyekaribia kujifungua. Tiketi ilisema Ijumaa, 00:05. Mimi, msomi wa nyumba, nikatangaza: "Safari ni Ijumaa usiku." Shangazi akauliza, "Mwanangu, ni usiku wa Ijumaa au usiku wa Jumamosi?" Nikacheka, nikamwambia asijitie wasiwasi. Nikamkatia treni ya Ijumaa mchana.

Kwa hesabu yetu ya asili, usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Tiketi ilikuwa yasema vivyo hivyo: saa sita na dakika tano za usiku wa kuamkia Ijumaa. Bibi ambaye hajui kusoma Kiingereza aliielewa kuliko mimi na diploma yangu. Ijumaa asubuhi, mzigo bado umefungwa sebuleni, ndege ilikuwa angani saa nyingi.

Basi ukiona 00 mwanzo wa saa, fika uwanjani jioni ya siku iliyotangulia. Na usihesabu muda wa safari kwa kutoa saa zilizoandikwa. Ukiondoka 00:05, baada ya saa 15 Nairobi ni saa tisa na dakika tano alasiri, lakini New York, iliyo nyuma yetu kwa saa 8 wakati wao wa baridi, ni saa moja na dakika tano asubuhi. Kati ya Machi na Novemba tofauti huwa saa 7.

Tiketi mpya nililipa mimi. Shangazi alifika siku nne baadaye, akamkuta mjukuu ameshazaliwa na kuadhiniwa.