Mtoto Atapikaye, na Dawa Tumpazo

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za mtoto atapikaye, kwa kuwa mvua zimekuja na maradhi ya tumbo pamoja nazo. Tena kwa kuwa tunalo neno la kuungama.

Usiku mmoja tulibishiwa hodi na baba mmoja wa kanisa letu. Akasema, "Mwalimu, tafadhali njoo upesi, mtoto ameingiwa." Tukatwaa taa na kitabu cha sala, tukaenda. Tukamkuta mtoto wa kike, umri wake miaka minne, amelala mapajani pa bibi yake, shingo imepindika nyuma, macho yameelekea juu, ulimi umetoka, taya zimekaza. Wala hakuzimia, alikuwa akisikia yote yaliyosemwa, machozi yakimtiririka. Majirani walikwisha kukata shauri kwamba ni pepo. Nasi, ambao yatupasa kuwafundisha wengine, tukapiga magoti tukaomba pepo amtoke, wala hatukuuliza hata neno moja. Ikapita saa nzima.

Ndipo bibi akasema kwa upole, "Mwalimu, uniwie radhi kwa kukukatiza. Je, vile vidonge alivyopewa leo havina neno?" Tukauliza, vidonge gani? Kumbe mtoto alikuwa akitapika tangu jana yake, na mama yake alinunua dukani vidonge vya kuzuia matapishi, navyo ni vya watu wazima. Akavikata nusu nusu kwa kisu, akampa asubuhi, adhuhuri na jioni. Basi tukampakia katika pikipiki pamoja na baba yake mpaka hospitali. Mganga alipokitazama kile kikaratasi cha vidonge alitambua mara, akamchoma sindano, na baada ya muda mfupi shingo ikalegea. Asubuhi mtoto akaomba uji.

Hatujuti kwa kuwa tuliomba. Twajuta kwa ile saa moja.

Dawa ile huitwa metoklopramidi. Huzuia kichefuchefu kwa kufanya kazi katika ubongo, lakini mahali inapozuia ndipo pia yanapotoka maongozi ya mwendo wa misuli; kwa hiyo huweza kukaza shingo, macho na ulimi. Watoto na vijana hupatwa na jambo hili kuliko watu wazima. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilikataza asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka 1, na kwa watoto wengine likaiacha kwa haja chache tu za hospitalini, wala si zaidi ya siku 5. Iko na nyingine, promethazini, ambayo wengi hupenda kumpa mtoto ili atulie na kulala. Tangu mwaka 2004 serikali ya Marekani imeagiza iandikwe onyo kubwa juu yake, kwamba asipewe mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa huweza kumzuia pumzi hata afe.

Waganga wanayo pia ondansetroni, nao huitumia mara nyingine, kipimo kimoja kwa kadiri ya uzito, kwa mtoto anayetapika hata asiweze kunywa. Lakini hiyo huweza kuzidisha kuhara, na mwenye magonjwa fulani ya moyo haimfai. Basi nayo ni dawa ya kuandikiwa na mganga, si ya kujichagulia dukani. Tena jihadharini na vijiko! Kijiko cha dawa ni mililita 5, bali vijiko vya jikoni kwetu kila kimoja kina tumbo lake.

Mtafanya nini, basi? Mara nyingi matapishi ya watoto hukoma yenyewe kwa siku moja au mbili. Kinachoua ni kukauka maji mwilini. Mwaka 1971 wakimbizi wengi walikimbilia Uhindi kutoka Pakistani ya Mashariki, ndiyo Bangladeshi ya leo, na kipindupindu kikawaua katika kambi ya Bangaon. Daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa na maji ya mishipa alichanganya chumvi na sukari katika maji, akawapa jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Waliokuwa wakifa kama 30 katika 100 wakapungua, wasizidi 4.

Pakiti za ORS ndiyo dawa hiyo hiyo. Soma pakiti yataka maji kiasi gani, tumia maji safi, na yaliyosalia baada ya saa 24 yamwage. Mtoto aliye chini ya miaka 2 umpe kijiko kidogo kila dakika moja au mbili. Aliye mkubwa anywe kidogo kidogo kikombeni. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Mama asiache kunyonyesha. Akiwa anahara pia, mganga atampa na zinki kwa siku 10 mpaka 14.

Lakini mpelekeni hospitali upesi akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, akilegea au kushikwa na degedege, macho yakididimia, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi mara, au matapishi yakiwa na damu au rangi ya kijani. Akiwa na homa apimwe damu, maana malaria nayo hutapisha. Na kikaratasi cha kila dawa aliyopewa kiendeni nacho mkononi.

Mama wa mtoto yule alituuliza juzi avitupe wapi vidonge vilivyosalia. Tulimwambia avirudishe hospitali, naye amekwisha kuvirudisha.