Maji na Unga chini ya Nguvu

Mutu akitaka kujenga nyumba, kujaza ghala ya mupunga, ama kununua unga sokoni, sherti ajue neno moja ambalo wengi hawalifikiri: unga haupokei nguvu kwa ginsi maji yanavyoipokea. Anayedhani ni mamoja ataona sakafu yake ikizama, ama atalipa bei ya unga mwingi na kupata kidogo. Tutafute basi sababu yake.

Kwanza maji. Twaa chupa, uijaze maji mpaka juu kabisa, utie kizibo, kisha upige kizibo kwa nyundo. Chupa inaweza kupasuka chini, mbali na pahali ulipopiga. Kwa nini? Maji yaliyofungwa hayana pa kukimbilia, wala hayakubali kupunguzwa. Ukisukuma litri 1 ya maji kwa nguvu ya kilo 1 juu ya kila santimetri mraba, inapungua karibu sehemu moja ya 20 ya santimetri kubiki. Jicho haliwezi kuona. Kwa hiyo nguvu inapita na kufika pande zote sawasawa: chini, juu na kando. Sheria hii ilielezwa na Mufaransa Blaise Pascal, aliyekufa mwaka 1662. Kriki ya mafuta inayoinua kamyo inafanya kazi kwa sheria hiyo hiyo.

Sasa unga. Hapa tunaita unga kila kitu cha punje nyingi kavu: unga wa muhogo, muchanga, udongo, hata mupunga. Kila punje ni ngumu, lakini kati ya punje na punje kuna nafasi yenye hewa. Ukisukuma, punje zinatafuta pahali pengine, hewa inatoka, na unga unashuka. Ukiondoa mukono, haurudi vile ulivyokuwa, unabaki umeshikana. Maji hayafanyi hivyo hata kidogo.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Punje zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na zinasugua ukuta wa chombo. Nguvu uliyotia juu inageuka upande, inashika ukuta, na ukuta unaibeba. Kadiri unavyoshuka, nguvu inapungua. Mutajaribu wenyewe: twaa bambu iliyo wazi pande zote mbili, funga mwisho mumoja kwa karatasi nyembamba na kamba, tia muchanga mukavu kadiri ya shibiri moja. Shika bambu juu hewani, kisha sukuma muchanga kwa fimbo. Utasukuma sana, na karatasi haitapasuka.

Mwaka 1895 fundi Mujeremani Janssen, wa muji wa Bremen, aliandika juu ya jambo hili katika ghala ndefu za nafaka. Mu tangi ya maji, kila ukiongeza maji, nguvu inayosukuma chini inazidi. Mu ghala ya nafaka inazidi mpaka kipimo fulani, kisha haiongezeki tena, hata ukijaza zaidi. Uzito mwingine unabebwa na kuta.

Elimu hii inatufaa nini sisi wa Opala, kando ya muto Lomami? Fikirini fundi anayejaza udongo chini ya sakafu ya kapela ama ya masomo. Akimwaga udongo wa santimetri 50 kwa mara moja na kuushindilia, juu utalia kama jiwe, naye atafurahi. Lakini chini umebaki laini, kwa sababu nguvu haikufika kule. Mvua zitakuja, udongo wa chini utashuka, na sakafu itapasuka. Afazali amwage santimetri 15 tu, ashindilie vizuri, kisha amwage tena. Kazi ni ndefu zaidi, lakini haitarudiwa.

Aangalie maji vilevile. Umande kidogo unasaidia punje kuteleza na kukaribiana. Maji yakizidi, yanajaza nafasi zote na kuichukua nguvu yenyewe. Na maji, tumesema, hayapungui. Ndipo udongo unakimbia kando chini ya muti wa kushindilia. Udongo mwema, ukiukaza mukononi, unashikana bila kutoa maji.

Vidonge vya dawa vinafuata sheria ile ile. Mwaka 1843 Mwingereza William Brockedon alipata haki ya serikali juu ya ginsi yake ya kukaza unga wa dawa mpaka uwe kidonge. Leo mashini nyingi za vidonge zinasukuma toka juu na toka chini pamoja, ili upande mumoja usibaki laini na kumeguka.

Mwishoni, soko. Kikombe cha mafuta ya ngazi ni kipimo cha haki: ukikisukuma ao ukikitikisa, mafuta ni yale yale. Kikombe cha unga si hivyo. Kikijazwa polepole kinaonekana kimejaa. Kitikise, nacho kinashuka, maana ulinunua hewa. Kipimo kile kinachosemwa katika Luka 6, 38 ni kipimo cha nafaka, hakiwezi kuwa cha mafuta. Wasikilizaji wa Bwana wetu walijua vizuri hila za soko. Basi, mafuta yapimwe kwa kikombe, unga upimwe kwa kilo. Pasipo mizani, muuzaji na mununuzi wapatane mbele: kikombe kitikiswe kwanza, kisha kijazwe tena. Hivi maskini anayenunua kikombe kimoja kwa watoto wake atakwenda nyumbani na unga, si na hewa.