Kupe wa mbwa wanakaa ndani ya ukuta

Mama, unamkamata mbwa, unamtoa kupe kumi masikioni, unawaza kazi imekwisha. Kiisha wiki mbili wamerudi, tena wengi kuliko mbele. Unasema mbwa wa jirani ndiye amewaleta. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi wametoka ndani ya lupango lako mwenyewe.

Sikiliza namna kupe wa mbwa anavyoishi. Jike akiisha kushiba damu anaanguka chini, anapanda ukuta, anaingia ndani ya ufa na kutaga mayai 2000 ao 3000, hata zaidi. Watoto wanaotoka ni wadogo kama punje ya mchanga, wana miguu 6 tu. Wanapanda juu ya mbwa, wanakunywa, wanaanguka, wanabadili ngozi ufani, wanarudi na miguu 8. Mara tatu katika maisha yake kupe anapanda, mara tatu anashuka. Siku zinazobaki yuko ukutani, na akikosa mbwa anaweza kungoja miezi mingi bila kula. Ukiosha mbwa peke yake, unateka maji na kikapu.

Basi anza na fasi mbwa anapolala. Gunia lake la zamani, lichome. Baba, kazi ya sementi ni yako: ziba nyufa zote za ukuta, za baraza na za nyumba ya mbwa, kama sementi hakuna, udongo mzuri unafaa. Mimina maji ya moto penye pembe. Kata manyasi mpaka kwenye lupango la jirani, ondoa matofali na mbao zilizolundikwa karibu na nyumba. Kuku wanadonoa kupe, ndiyo, lakini hawaingii ndani ya ufa.

Kwa dawa ya mbwa, uliza munganga wa nyama. Dawa ya kupuliza mashambani, inayouzwa sokoni ndani ya chupa bila jina, usiipake mbwa hata kidogo: inaweza kumwua, na mtoto anayemkumbatia naye anaweza kupata sumu. Hata dawa nzuri, mtoto asimguse mbwa mbele haijakauka. Na bidoni iliyobeba dawa haitabeba tena maji ya kunywa, hata ukiiosha mara mia.

Kama kupe amemshika mtoto, usimwekee petroli, wala usimchome na sigara. Shika kupe na kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kumkunja, osha kidonda na sabuni. Usimpasue kwa kucha, sababu damu yake inaweza kuwa na ugonjwa.

Kuna kupe mwingine, wa nyumba za udongo: papasi, ao kimputu. Huyu hafuati mbwa. Mchana anajificha ndani ya vumbi na nyufa za sakafu. Usiku anatoka, anamwuma mtu aliyelala chini, anarudi bila kusikika. Analeta homa inayokwenda na kurudi: siku chache mwili ni moto, inaacha, unasema umepona, kiisha wiki moja inakupiga tena. Mama mwenye mimba anaweza kuipoteza. Munganga Mwingereza Joseph Dutton alikuwa akichunguza ugonjwa huu kwetu Kongo, ukamshika yeye mwenyewe. Alikufa Kasongo mwaka 1905, akiwa na miaka 30. Ukitoka kutembelea wazazi kijijini, kung'uta mikeka na vikapu nje, juani, mbele ya kuviingiza nyumbani. Huko kijijini, lala juu ya kitanda kilicho mbali na ukuta.

Homa ikija katika wiki mbili ao tatu baada ya kuumwa, hata kama unaamini ni malaria tu, mwambie munganga neno la kupe. Mwonyeshe pale palipoumwa, zaidi kama pana kidonda kidogo cheusi. Asipojua habari hiyo, hatajua atafute nini ndani ya damu.