Serikali ni Siri Kali?

Wazee wengi wa huku kwetu Kwale hawasemi "serikali". Wao husema "sirikali", na ukiwauliza maana watakujibu huku wakicheka, "Ni siri kali, mwanangu." Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufafanulia kwamba hiyo siyo asili ya neno. Limetoka kwa Waajemi, sarkar, ambapo sar ni kichwa na kar ni kazi. Yaani mkuu wa kazi, msimamizi. Hamna siri ndani yake, wala hamna ukali. Lakini jamani, mbona watu wanaamini maana ya barazani kuliko maana ya kamusi? Katika makala haya nataka kueleza kwa nini raia wengi hawaiamini serikali, hasa ikija habari ya umeme, na sisi vijana tufanye nini.

Kwanza tuangalie siri zenyewe. Si kila siri ni mbaya, ndugu msomaji. Jeshi haliwezi kutangaza redioni kwamba askari wake watapita njia fulani saa fulani. Ndiyo maana Kenya ina Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, iliyotungwa mwaka wa 1968. Taabu huanza pale siri inapofunika mambo yasiyo ya vita, kama vile bei, mikopo, ardhi na kandarasi. Mfano ni reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Raia walipoomba kuiona mikataba yake waliambiwa ina kifungu cha siri. Ikabidi waende mahakamani, na mwaka wa 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, sehemu tu ya mikataba hiyo ikatolewa. Sasa deni tunalipa sisi, na kuusoma mkataba pia tupelekane kortini?

Pili ni upelelezi. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1980, wakati mtu akitaka kuisema serikali alitazama kwanza nyuma yake kama hakuna askari kanzu. Watu walikamatwa na kuteswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, Nairobi. Siku hizi hofu imehamia kwenye simu. Mwaka wa 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mtambo wake na kampuni za simu, ikisema lengo ni kuzinasa simu bandia. Wananchi wakauliza, je, mtambo huo hautaweza pia kujua nani anampigia nani? Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliuzuia, ingawa mwaka wa 2020 Mahakama ya Rufani iliubatilisha uamuzi huo. Mimi siwezi kusema mtambo ulikuwa wa nini hasa. Ninachokiona ni kwamba serikali inataka kujua mengi juu ya raia, ilhali raia akitaka kujua machache juu ya serikali anaambiwa ni siri. Mzani huo umeegemea upande mmoja.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, ni umeme. Kenya ina kampuni za kibinafsi zinazofua umeme na kuuza kwa Kenya Power kwa mikataba ya miaka mingi. Katika mikataba kadhaa mnunuzi hulipia mtambo hata siku ambazo haukuhitajika. Hebu fikiria umekodi tuktuk ya Diani ikae mlangoni kwako miaka 20, na kila siku unalipa, upande usipande. Mwaka wa 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo chini ya John Ngumi kuichunguza mikataba hiyo, na Januari 2022 bei ikapunguzwa kwa asilimia 15. Mtu wa kawaida akajiuliza: kama ilikuwa inawezekana kupunguza, ni nini kilichofichwa miaka yote hiyo? Tena mwezi wa Oktoba 2024 ukatiwa sahihi mkataba wa miaka 30 wa kujenga nyaya kubwa za umeme na kampuni ya Adani ya India. Mahakama ikausimamisha mwezi huo huo, na Novemba 21, 2024, Rais William Ruto akatangaza kuufuta. Mambo kama haya ndiyo yanayomfanya mlala hoi aone kila waya una mkono wa mtu.

Sasa tuje nyumbani. Serikali ilipanga kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 katika pwani yetu, ujenzi uanze mwaka wa 2027 na umeme utoke mwaka wa 2034. Pwani ilipendwa kwa sababu kinu kinahitaji maji mengi ya kukipoza. Kaunti zilizotajwa mbele zilikuwa Kilifi na Kwale. Huko Kilifi pakachaguliwa Uyombo, karibu na hori la Mida na msitu wa Arabuko Sokoke. Wakazi walikataa, na mwezi wa Mei 2024 maandamano yao yakaishia kwa makabiliano na polisi. Mwaka wa 2025 macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Sisemi nyuklia ni shetani. Afrika Kusini ina kinu cha Koeberg, karibu na Cape Town, kilichoanza kutoa umeme mwaka wa 1984. Tatizo kubwa linakuja siri na nyuklia zikilala kitanda kimoja. Aprili 26, 1986, kinu cha Chernobyl kililipuka katika Muungano wa Sovieti. Watu wa mji jirani wa Pripyat waliendelea na shughuli zao, watoto wakicheza nje, mpaka walipohamishwa siku ya pili yake. Dunia ilishtuka Aprili 28, baada ya wafanyakazi wa kinu kimoja cha Uswidi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, kugundua vumbi la sumu kwenye viatu. Yaani viatu vya Uswidi vilisema kabla ya serikali ya Moscow kusema!

Huku Kwale tunao mlima wetu, Mrima, ambao ni kaya takatifu ya Wadigo. Ndani yake mna niobiamu na madini mengine adimu, na pia thoriamu, ambayo hutoa mnururisho wa asili. Mwaka wa 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec iliyotaka kuuchimba, na mwaka wa 2018 baraza la kimataifa la usuluhishi likaikatalia kampuni hiyo madai ya fidia. Tangu hapo kila gari geni likionekana upande ule, watu huuliza: ni nani tena?

Nitoe mfano wa mambo haya yanavyogusa nyumba. Baba yangu ni mvuvi wa Gazi. Mwaka jana walikuja watu kwa gari, wakatoboa mashimo matatu nyuma ya mashamba, wakatia udongo kwenye mifuko na kuandika nambari. Mzee mmoja akawauliza, "Wanangu, mwatafuta nini?" Wakamjibu, "Ni kazi ya serikali, mzee." Wakaondoka. Kufikia magharibi kijiji kilikuwa na habari tatu: ati ni kinu cha nyuklia, ati ni bomba la mafuta, ati tajiri mmoja amenunua ardhi yote. Jirani yetu alikuwa amefikisha kuta kwenye linta. Akasimamisha ujenzi, na mpaka leo nyumba haina paa. Baba alikuwa ameweka akiba ya kununua mashine ya mashua. Naye akasita, kwani ya nini kununua mashine kama bahari yenyewe itafungwa? Labda walikuwa wanatafuta maji ya kisima tu. Neno moja lingetosha. Penye siri, uvumi hufanya kazi ya habari, na uvumi haulipi hasara ya mtu.

Kinyume chake kipo hapo hapo Gazi. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka wa 2013, huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule, na matumizi hujadiliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Kunung'unika hakukosekani, lakini mtu akinung'unika anajua amuulize nani.

Basi tufanye nini? Kulaumu peke yake hakutoshi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaeleza njia:

1. Andika barua kwa ofisi husika, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa ana wajibu wa kumsaidia.
2. Hulazimiki kueleza sababu ya kutaka habari hiyo.
3. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu.
4. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini, ni saa 48.
5. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala.

Sheria hiyo inabakiza siri za kweli, kama zile za usalama wa taifa. Lakini mashimo matatu nyuma ya shamba la mihogo sidhani kama ni siri ya jeshi.

Mimi na wanachama wenzangu wawili wa chama chetu cha Kiswahili tumekwisha andika barua moja kuhusu mashimo hayo. Tumeiandika kwa Kiswahili sanifu, babu akaisikiliza yote, kisha akatuuliza kama kweli watajibu. Tulimwambia sheria inasema hivyo. Leo ninapoandika haya ni siku ya 12. Jirani yetu ameniambia nimjulishe jibu likija, ili ajue kama anunue mabati.