Mkimbizi Aliye Nchini Mwake



Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa katika darsa ya vijana, na kama ilivyo ada yetu siku hizi tukaifunga kwa kuwaombea dua ndugu zetu wa Palestina. Tulipokwisha kuitikia amin, mwanafunzi mmoja ambaye hajatimiza hata miaka kumi na miwili akainua mkono. Akauliza: "Sheikh, mwasema hawa ni wakimbizi wa Palestina, nao wako huko huko Palestina. Wamekimbilia wapi basi?"

Wenziwe walicheka. Sisi tulimjibu kwa maneno mawili matatu, tukaagana. Lakini usiku tulipolikumbuka jibu letu tuliliona pungufu, na swali lake tukaliona zito kuliko tulivyolidhania. Makala haya ni jibu lililochelewa, nasi twawaomba wazazi wayasome pamoja na wana wao.

Tuanze na sababu ya mtoto kushangaa. Sisi watu wa pwani mkimbizi twamjua kwa namna moja. Wako miongoni mwetu wanaokumbuka kambi za Utange na Benadir hapa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipopokewa ndugu waliovuka bahari na mipaka kuikimbia vita ya Somalia. Yalikuwa madhila makubwa, wala hatuyafanyi madogo. Hata hivyo, aliyefika Utange alikuwa ameiacha bunduki nyuma yake. Mkimbizi wa Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani hakuiacha nyuma. Alipokimbilia, ilimfuata, na leo ipo mlangoni pake.

Katika vita vya mwaka 1948, vilivyozaa dola ya Israeli, Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia miji na vijiji vyao. Wao huuita msiba huo Nakba, yaani janga. Baadhi yao walivuka kwenda Lebanon, Syria na ng'ambo ya mto Yordani. Wengine hawakutoka kabisa katika ardhi ya Palestina. Walikwenda Gaza, au walipanda milima ya Ukingo wa Magharibi, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu kutoka makwao, wakingoja hali itulie warudi. Hali haikutulia, na ruhusa ya kurudi hawakupewa. Umoja wa Mataifa ukaunda shirika la kuwahudumia, UNRWA, lililoanza kazi mwaka 1950. Mwaka 1967 Israeli ikauteka pia Ukingo wa Magharibi, na jeshi ambalo wakimbizi hao walikuwa wamelikimbia likawa ndilo mtawala wao.

Hilo basi ndilo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wetu: walikimbilia upande wa pili wa nchi yao, na upande huo nao ukachukuliwa.

Leo kuna kambi 19 za wakimbizi katika Ukingo wa Magharibi. Mahema yaliyopigwa wakati ule yamegeuka vyumba vya saruji, ghorofa juu ya ghorofa, kwa kuwa ardhi ya kambi haiongezeki na watu waongezeka. Katika kambi ya Aida mjini Bethlehem, lango la kuingilia limewekwa ufunguo mkubwa wa chuma juu yake, ukumbusho wa funguo za nyumba za mwaka 1948 ambazo wazee walizihifadhi. Pembezoni mwa kambi hiyo hiyo umepita ukuta mrefu wa zege ambao Israeli ilianza kuujenga mwaka 2002. Mtoto wa Aida akitoka nje kucheza, upeo wa macho yake ni ukuta huo.

Lakini si kila mkimbizi anakaa kambini. Wako Mabedui, wafugaji wa kondoo na mbuzi, na hao ndio walio dhaifu zaidi. Kabila la Jahalin lilikuwa likiishi Tel Arad, katika jangwa la Naqab, likatolewa huko baada ya vita vya 1948. Baadhi ya jamaa zake walipanda milima ya kusini ya al-Khalil, mji ambao ramani za kigeni huuita Hebron, wakanunua ardhi kwa watu wa Yatta, wakaanzisha kijiji kiitwacho Umm al-Khair. Hawakuvamia ardhi ya mtu. Walinunua, wakajenga, wakafuga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walowezi wa Kiisraeli walijenga kando yao makazi yaitwayo Karmel. Kati ya majirani hawa wawili pana ua wa seng'enge tu. Upande wa Karmel kuna nyumba zenye paa nyekundu, bustani, maji ya mfereji, na umeme unaofika hata kwenye mabanda ya kuku. Upande wa Umm al-Khair kuna mahema na vibanda vya bati, na kila kinachojengwa kinaweza kubomolewa, kwani kijiji kiko katika eneo ambalo jeshi la Israeli ndilo litoalo vibali vya ujenzi. Eneo hilo ni takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, na Mpalestina aombaye kibali humo hunyimwa karibu kila mara. Nyumba za Umm al-Khair zimebomolewa tena na tena. Hata tanuri lao la kuokea mikate lilibomolewa.

Tarehe 28 Julai 2025, gari la kuchimbua ardhi la walowezi liliingia katika ardhi ya kijiji, wanakijiji wakatoka kulizuia. Mlowezi mmoja akafyatua bastola. Awdah Hathaleen, mwalimu wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 31 na baba wa watoto watatu, alikuwa amesimama katika uwanja wa kijiji chake. Risasi ikampata kifuani, akafariki. Huyu ni mtu aliyesaidia katika utengenezaji wa No Other Land, filamu iliyoeleza masaibu ya vijiji vya milima ile na kushinda tuzo ya Oscar mwaka huo huo. Dunia ilikuwa imeiona hali yao na kuipigia makofi, na makofi hayo hayakumkinga na risasi.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotukaa zaidi moyoni. Jamaa walipiga hema la matanga. Wanajeshi wakaja, wakatangaza kwamba kijiji ni eneo la kijeshi lililofungwa, wakawafukuza waliokuja kutoa pole. Maiti ilizuiwa kwa siku kumi hivi, hata wanawake wa kijiji wakagoma kula wakidai irejeshwe. Ilipozikwa tarehe 7 Agosti, barabara ziliwekewa vizuizi, na wengi waliotaka kusindikiza jeneza hawakufika. Aliyeshukiwa kufyatua risasi alikuwa amekwisha kuachiwa siku chache baada ya tukio, akae kifungo cha nyumbani, kisha akaondolewa hata hicho. Nasi sote twajua hukumu ya dini yetu katika kuharakisha kumzika maiti, na haki ya jeneza la Mwislamu juu ya nduguye.

Huenda msomaji akauliza: kwani hakuna sheria? Sheria zipo, na ni mbili. Mlowezi akituhumiwa hupelekwa mbele ya mahakama za kiraia za Israeli. Jirani yake Mpalestina, kwa tuhuma ile ile katika kilima kile kile, hupelekwa mahakama ya kijeshi. Mwizi akijua kwamba kwake hakuna kadhi, hangoji usiku.

Kwa hiyo mashambulizi yamezidi mwaka baada ya mwaka, na yamezidi mno tangu Oktoba 2023. Aghalabu huanza na mlowezi mmoja na kundi la kondoo juu ya kilima. Hulisha kwenye malisho ya Mabedui, kisha huja wenziwe. Maji humwagwa, mifugo huibwa, mahema hutiwa moto. Jamii ya Kibedui ya Ein Samiya, kaskazini mashariki ya Ramallah, ilivumilia hayo kwa miaka. Mwezi wa Mei 2023 iling'oa vibanda vyake kwa mikono yake yenyewe, ikaondoka. Miezi mitatu baadaye shule yao nayo ikabomolewa. Oktoba 2025, msimu wa kuchuma zeituni, Umoja wa Mataifa uliorodhesha mashambulizi ya walowezi zaidi ya 260 katika mwezi mmoja, idadi kubwa kuliko ya mwezi wowote tangu uanze kuyahesabu mwaka 2006.

Sasa tuje kwenye barabara, kwani bila ya kuifahamu barabara hatuwezi kuufahamu udhaifu wa watu hawa. Mapema mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulihesabu vizuizi zaidi ya 800 katika Ukingo wa Magharibi: vituo vya ukaguzi, milango ya chuma, vifusi vya udongo na mitaro iliyokatwa njiani. Nchi yote hiyo ni ndogo kuliko kaunti yetu ya Kilifi. Wenye kuviweka husema ni kwa ajili ya usalama, na hatukatai kwamba Waisraeli nao wameuawa, wakiwamo raia wengi katika shambulio la Oktoba 7, 2023. Lakini lango lililofungwa mbele ya kijiji kizima halimchagui mwenye kosa. Humfungia mama mwenye uchungu wa kuzaa, mwanafunzi na muuza mboga.

Na tufikiri daraja la Nyali lina lango la chuma, ufunguo anao askari, wala hapana ajuaye litafunguliwa Magharibi au kesho kutwa. Mgonjwa wako yuko Kisauni, hospitali iko kisiwani. Hayo ni maisha ya kila siku ya kambi ya al-Arroub, iliyo kando ya barabara kuu kati ya Bethlehem na al-Khalil, na mnara wa jeshi umesimama mlangoni pake. Wazee wetu nchini Kenya walikionja kidogo kikombe hicho, enzi za Mwingereza, Mwafrika alipofungwa kipande shingoni na kuulizwa anakwenda wapi na kwa ruhusa ya nani.

Yaunganishe sasa mambo haya mawili, ndipo utaiona hatari yenyewe. Mlowezi anayekuja kushambulia barabara yake iko wazi. Gari la wagonjwa linalokuja kuokoa husimama langoni. Jirani wa kijiji cha pili husikia ukelele asiweze kufika. Mchungaji aliyeporwa malisho hawezi kupeleka mifugo kwingine, wala kufika soko la mbali. Jeuri ya walowezi pekee ingeweza kukabiliwa na mshikamano wa majirani, na kufungwa kwa njia pekee kungeweza kuvumiliwa kwa subira. Vikikutana viwili hivi, hubakisha mlango mmoja tu uliofunguliwa, nao ni mlango wa kuondoka.

Na mkimbizi ndiye wa kwanza kusukumwa kwenye mlango huo. Mwenyeji wa kijiji cha kale ana shamba la babu yake na ukoo uliojaa mji mzima. Mkimbizi hana shamba la babu; limebaki upande wa pili tangu 1948. Chakula, shule na tiba yake vimelitegemea shirika moja. Shirika hilo nalo limebanwa: Oktoba 2024 bunge la Israeli lilipitisha sheria za kulizuia, na tarehe 8 Mei 2025 shule zake sita za Mashariki ya Quds zikafungwa, zikiwamo za kambi ya Shu'fat. Kambini nako si salama. Kuanzia Januari 21, 2025, jeshi la Israeli liliingia katika kambi ya Jenin, kisha za Tulkarm na Nur Shams, na watu takriban 40,000 wakatolewa humo. Wengi wao ni wana na wajukuu wa waliotolewa mwaka 1948. Babu alifukuzwa Haifa, na mjukuu amefukuzwa katika kambi aliyohamia babu.

Tarehe 19 Julai 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kuwapo kwa Israeli katika ardhi hizo ni kinyume cha sheria, na kwamba walowezi waondolewe. Twalitaja hili ili vijana wetu wajue kwamba dai la watu hawa si la hamasa tupu. Lina hoja mbele ya mahakimu wa dunia.

Twataka pia wajue jambo jingine. Hatusemi haya kwa kuwachukia watu kwa dini yao. Katika vijiji vile vya kusini ya al-Khalil wako Mayahudi, wakiwamo Waisraeli, wanaokwenda kulala pamoja na Wapalestina usiku ili waishuhudie dhulma na kuizuia, na wako waliopigwa kwa sababu hiyo. Ambaye chuki imempofusha asiwaone hao hajaifahamu dhulma. Ameifahamu kabila tu.

Na sisi tulio mbali, je? Kwanza, tuseme kweli. Picha isiyojulikana ilipopigwa tusiisambaze, kwani uongo mmoja hutumiwa kukanusha ukweli mia. Pili, anayetoa sadaka aulize inapita mikononi mwa nani. Tatu, tukumbuke kwamba katika historia ya Hijra hawakutajwa Muhajirina peke yao. Wametajwa pia Ansari waliowafungulia milango. Dadaab iko katika nchi yetu. Anayelia kwa ajili ya Jenin na kumfukuza Msomali barazani pake, ajitazame.

Juma lililofuata tulimwita yule mwanafunzi mbele ya wenziwe, tukawaeleza haya yote kwa ufupi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena: "Kwa hivyo, Sheikh, hawajafika bado?"

Tukamwambia: "Hawajafika, mwanangu. Wako njiani tangu 1948, na njia imefungwa."

Wabillahi tawfiq.