Jino lenye nondo lilivyopasuka

ILIKUWA jioni, kando ya barabara hapa Kibenga, kusini mwa Bujumbura. Nilinunua hindi la kuchoma kwa mama mmoja mwenye jiko la makaa, nikauma, nikasikia kitu kimevunjika mdomoni. Nilidhani ni kijiwe. Kumbe ni gego langu la kulia.

Gego hilo lilianza kutoboka nikiwa mwanafunzi ukimbizini, mkoani Kigoma. Nililituliza kwa karafuu. Niliporejea nyumbani mwaka 2009, tayari mwalimu, lilikuwa limebaki ganda. Daktari mmoja alisafisha mizizi yake, akaiziba, akapachika kijiti cha chuma ndani ya mzizi mmoja na kujenga juu yake. "Mwalimu, sasa lina nondo," aliniambia. Niliridhika. Kofia ya kulifunika sikuweka. Mshahara wa mwalimu mnaujua.

Hapo kwenye nondo ndipo tunapopotoka wengi. Zege humiminwa kuizunguka nondo, lakini jino huchimbwa ili nondo ipate nafasi. Kila tundu la mzizi linapopanuliwa, kuta zinazobeba mzigo hupungua. Isitoshe, chuma cha pua ni kikakamavu takriban mara 10 kuliko dentini, ile sehemu ngumu iliyo chini ya ngozi ya jino. Ukitafuna, jino hujipinda kidogo sana; chuma hakifuati. Mzizi unaweza kupasuka kwa urefu, kama kuni iliyopigwa kabari. Ukifika hapo, dawa ni kung'oa, na mimi niling'olewa.

Kazi ya kijiti ni kushikilia ujenzi wa juu pale jino lilipobomoka mno, si kuliongezea nguvu. Tena gego lina chumba kipana katikati, na mara nyingi ujenzi hushika humo bila kijiti chochote. Hilo nililijua nikiwa na pengo.

Wazee husema jino lililotibiwa mzizi hukauka, ndiyo maana huvunjika. Watafiti Reeh, Messer na Douglas walipima jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 1989: kulitoboa jino ili kutibu mzizi kulipunguza ukakamavu wake kwa asilimia 5 hivi, lakini kupoteza kingo za pande zote mbili kulipunguza kwa zaidi ya asilimia 60. Kinachodhoofisha zaidi ni kuta zilizokwenda.

Kwa hiyo mafundi wa meno hutafuta mkanda wa jino zima wa milimita 2 hivi juu ya ufizi, kofia iukumbatie, kama pete ya chuma inayozuia mpini wa patasi usipasuke. Vijiti vya nyuzi za kioo navyo vinasaidia, kwa kuwa vinapinda karibu sawa na dentini. Vikishindwa, mara nyingi hubanduka na kuuacha mzizi mzima.

Sasa limeuma la pili, dogo, upande wa kushoto. Safari hii nilimwuliza daktari kabla hajawasha mashine: kuta zimebaki kiasi gani? Akapima. Mbele milimita 2, nyuma 1.

"Kijiti nitaweka cha nyuzi, Mwalimu," alisema. "Lakini kofia uamue leo."

Nimelipa nusu. Nusu nyingine inasubiri mshahara, na ada ya mtoto nayo inasubiri mshahara uleule. Hadi hapo natafunia kulia, kwenye pengo.